Maisha ya George Pullman na Mji Wake

George Mortimer Pullman alizaliwa mwaka wa 1831 huko Brocton, katika jimbo la New York, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa seremala, fundi wa kuhamisha nyumba nzima nzima, naye George akaurithi ustadi huo. Mwaka wa 1859 alikwenda Chicago, akafanya kazi ya kuyainua majengo mazito ya mji ule uliojaa matope. Kisha akaunda mabehewa ya kulala, hata msafiri akaweza kulala njiani kama aliyemo nyumbani mwake. Na mwaka wa 1867 akaanzisha kampani yake.

Mwaka wa 1880 alianza kujenga karakana kubwa kusini ya Chicago, karibu na ziwa Calumet, na kando yake mji wa wafanya kazi, akauita Pullman. Mji ulikuwa mzuri: nyumba za matofali, maji ya bomba, soko, maktaba, na kanisa la mawe. Walakini hapana mfanya kazi aliyeruhusiwa kununua nyumba yake. Vyote vilikuwa mali ya kampani, na vyote vililipiwa kodi. Hata kanisa lile lilikaa tupu muda mrefu, kwa kuwa kodi yake iliwashinda Wakristo.

Mwaka wa 1893 biashara ilianguka nchini kote. Pullman akapunguza mishahara kadiri ya robo, bali kodi za nyumba hakuzipunguza hata kidogo. Nao wenye hisa wakapewa faida yao kama desturi. Mtu akiisha kulipa kodi, alibakiwa na kitu kidogo sana cha kuwalisha watoto. Wajumbe wakaenda kumweleza, asikubali. Basi mwezi wa Mei 1894 wakaacha kazi, na watu wengi wa reli wakakataa kuendesha gari la moshi lililofungwa mabehewa yake. Serikali ikapeleka askari, watu wakauawa, na mgomo ukavunjika.

Pullman alikufa mwaka wa 1897. Jamaa zake waliogopa maiti yake isije ikafukuliwa, wakamzika usiku, wakamwaga zege na kulaza vyuma vya reli juu yake. Mwaka wa 1898 mahakama ya Illinois iliamuru kampani iuze nyumba zile. Nyingi zingali zimesimama, na tangu mwaka wa 2015 serikali imezihifadhi kuwa ukumbusho.

Katika wasia wake aliacha fedha za shule ya ufundi kwa watoto wa mji ule. Hakukosa ukarimu, ila hakutaka kuwasikiliza wale aliowajengea.