Klachi Iliyozaa Lamborghini: Stori ya Fundi wa Matrekta Aliyechoka Kupigwa Bei

Ukiona Lamborghini kwa video ya msanii, unajua tu kuna msee ana doo hapo, ama amekodisha. Chenye wengi hawajui ni kwamba mwenye hilo jina alikuwa fundi wa matrekta, na kilichomfanya aingie kwa biashara ya magari ya nguvu ni klachi iliyokuwa inamsumbua kila mara.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916 huko Renazzo, karibu na mji wa Cento kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa zabibu. Kijana mwenyewe shamba haikumbamba sana, kilichombamba ni mashine za shamba. Akaenda kusomea ufundi karibu na Bologna, halafu vita vikuu vya pili vikamkuta. Alichukuliwa kwa jeshi la anga la Italia akapelekwa kisiwa cha Rhodes, lakini hakuwa rubani. Kazi yake ilikuwa kufufua magari ya jeshi, kwa kisiwa ambako spea hazikuwa zinafika. Hapo unatengeneza na kile uko nacho. Vita vilipoisha Waingereza wakamshika mateka, na akarudi nyumbani 1946.

Mwaka uliofuata mkewe Clelia akaaga dunia alipokuwa anajifungua mtoto wao, Tonino. Ferruccio hakuwa na mengi: mtoto mchanga na gereji ndogo huko Pieve di Cento.

Wakati huo wakulima wa Italia walitaka matrekta lakini mapya yalikuwa bei ya juu. Jeshi nalo lilikuwa limeacha malori na injini kila mahali. Jamaa akanunua hizo chuma, akazivunja, akaunda trekta lake mwenyewe akaliita Carioca. Petroli ilikuwa ghali, kwa hivyo akabuni kifaa kilichofanya injini iwake kwa petroli halafu iendelee na dizeli, ambayo ilikuwa bei poa. Wakulima wakampenda. 1948 akafungua Lamborghini Trattori. Mwaka huo huo aliingia mashindano ya Mille Miglia na kagari kadogo ka Fiat Topolino alikokuwa amekaongezea nguvu, na mbio zake zikaishia ndani ya ukuta wa mkahawa. Tangu siku hiyo hakuwa na haraka tena ya mambo ya mashindano.

Ganji ikaingia kweli kweli. Akaongeza biashara ya mitambo ya kupasha nyumba joto, na gereji ya nyumbani ikajaa magari makali. 1958 akanunua Ferrari 250 GT, halafu akaongeza zingine. Shida ikaanza hapo.

Klachi ni ile sahani inayoshikanisha injini na giaboksi. Injini ikiwa na nguvu kuliko chenye sahani inaweza kushika, inateleza, unasikia harufu ya kuungua, na ukikanyaga mafuta gari inanguruma bila kwenda. Kuibadilisha si mchezo, kwa sababu lazima giaboksi ishuke kwanza. Sahani yenyewe inaweza kuwa ya bei ya kawaida, lakini masaa ya fundi ndiyo yanakumaliza. Na kwa gari ya jina kubwa, hata hiyo spea unalipia jina.

Ferruccio alikuwa anapeleka gari Maranello, kwa Ferrari wenyewe. Wanaichukua, wanaingia nayo ndani, yeye anangoja nje kwa masaa, haruhusiwi kuona kinachofanyika. Fikiria kumfanyia hivyo mtu ambaye ni fundi. Klachi inabadilishwa, baada ya muda inaharibika tena. Mwishowe akaambia mafundi wake waifungue kwa kiwanda chake. Vile familia yake imekuwa ikisimulia, walikuta klachi ya aina ile ile alikuwa anaweka kwa matrekta yake, na bei ya Ferrari ilikuwa juu mara nyingi zaidi.

Akaenda kumlalamikia Enzo Ferrari. Hiyo mkutano inasimuliwa kwa njia tofauti tofauti, lakini zote zinafika mahali pamoja: Enzo alimwona kama mtu wa matrekta asiyejua kuendesha Ferrari, na akamwambia hivyo. Mimi naona hasira ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ingine ilikuwa hesabu. Msee aliyejua bei ya kila nati alikuwa ameona vile faida iko kwa magari ya matajiri.

1963 kiwanda kikasimama Sant'Agata Bolognese. Giotto Bizzarrini, aliyekuwa ametoka Ferrari, akachora injini ya silinda 12. Gari ya kwanza ilipoonyeshwa Turin mwaka huo, injini ilikataa kutoshea chini ya boneti, kwa hivyo wakajaza uzito mwingine hapo ndani na boneti ikabaki imefungwa. Mwaka uliofuata 350 GT ikaanza kuuzwa, na wakauza 13 peke yake.

Halafu 1966 ikaja Miura, injini ikiwa imelazwa kingamo nyuma ya dereva, na dunia ikasimama. Lakini ukikuwa mwenye hiyo gari, ulijua fundi wako kwa jina. Injini na giaboksi zilitumia oili moja, kwa hivyo vipande vya chuma kutoka kwa gia viliweza kufika mpaka kwa injini. Hiyo ilirekebishwa kwa SV za mwisho mwisho tu. Kabureta nne, kila moja na midomo mitatu, zilitaka kusawazishwa na mtu anayejua, na petroli ikimwagika juu ya injini moto, gari inashika moto. Kwa spidi ya juu pua nayo ilikuwa inainuka. Jamaa aliyekasirishwa na klachi ya mtu mwingine sasa alikuwa na wateja wake wa kulalamika.

Kilichomwangusha lakini si magari. Pesa ya kila kitu ilikuwa inatoka kwa matrekta, na mwanzo wa miaka ya 70 oda kubwa ya Bolivia ikafutwa na serikali ya kijeshi wakati tayari kiwanda kilikuwa kimejipanga kwa hiyo kazi. 1972 akauza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa Mswisi mmoja, Georges-Henri Rossetti. 1973 matrekta yakaenda kwa kampuni ya SAME. 1974 akauza kipande kilichobaki cha magari.

Alihamia karibu na ziwa Trasimeno akapanda zabibu, ile kazi ya wazazi wake aliyoikimbia. Mvinyo wake mmoja ukaitwa Damu ya Miura. Alifariki tarehe 20 Februari 1993 huko Perugia akiwa na miaka 76. Kiwanda cha magari wakati huo kilikuwa mali ya Chrysler ya Marekani, na matrekta yenye jina lake yanauzwa mpaka leo.