John Wesley na Mama Aliyeumwa na Tumbo

Wengi wetu tunamjua John Wesley kama mhubiri. Tumesikia vile alipanda farasi mji hadi mji akihubiri nje kwenye baridi, na vile Mungu alimgusa jioni ya tarehe 24 Mei 1738 katika mkutano mdogo pale Aldersgate, London. Hata sisi Wapentekoste, ukifuata mizizi yetu nyuma kupitia wale wahubiri wa utakatifu wa Marekani, utafika mlangoni kwake. Lakini kuna upande wa maisha yake ambao mimbarini hautajwi sana. Mtumishi huyu alifungua zahanati. Aliandika kitabu cha dawa. Na siku moja aliuliza swali kuhusu mama mgonjwa, swali ambalo mpaka leo hatujalijibu vizuri, hospitalini wala kanisani.

Alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza. Babake alikuwa kasisi. Mamake, Susanna, alizaa watoto kumi na tisa na akazika tisa wakiwa wachanga, kwa hivyo kijana huyu hakuhitaji kufundishwa shuleni kwamba ugonjwa ni adui. Akiwa Oxford yeye na ndugu yake Charles walizoea kutembelea wafungwa na maskini. Kabla ya kwenda Georgia mwaka 1735 alikaa chini akasoma mambo ya tiba, akiwaza kwamba huko ng'ambo atakuta watu wasio na daktari. Na kusoma hakuacha. Wengine walipopumzika kwa michezo, yeye alipumzika na vitabu vya mwili wa binadamu.

Sasa tuje London ya miaka ya 1740. Watu wake walikutana katika kiwanda kikuukuu cha mizinga, kilichokuwa kimeharibiwa na mlipuko, wakakirekebisha kikawa mahali pa ibada. Wengi walikuwa vibarua, wajane, mafundi wadogo. Mtu wa namna hiyo akiugua alikuwa anangoja tu, maana daktari aliyesoma alitaka pesa ambayo kibarua haioni. Wesley akaigawa London sehemu 23, akachagua watu 46 wa kutembelea wagonjwa, wawili wawili. Kila mgonjwa alitembelewa mara tatu kwa wiki. Waliuliza habari za roho yake, wakauliza pia habari za mwili wake, wakamtafutia ushauri na mahitaji, kisha wakatoa hesabu. Kati ya masharti waliyopewa, moja lilikuwa wawe wasafi katika kila jambo wanalomfanyia mgonjwa, na lingine kwamba wasiwe watu wa kuona kinyaa. Hebu fikiria mzee wa kanisa akiambiwa hivyo leo.

Mwaka 1746 una mambo mawili ambayo napenda sana kuyaweka pamoja. Mwezi wa Machi alikuwa safarini, farasi wake akaanza kuchechemea vibaya, na yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamuuma sana. Akawaza moyoni kwamba Mungu anaweza kuponya mtu au mnyama kwa dawa au bila dawa yoyote. Papo hapo uchovu na maumivu ya kichwa yakaisha, na farasi akatembea sawasawa. Aliandika jambo hilo katika shajara yake bila aibu, ingawa alijua wasomi watamcheka.

Mwezi wa Desemba, mwaka ule ule, mtu huyo huyo aliyeponywa barabarani pamoja na farasi akatangazia watu wake kwamba anataka kuwapa maskini dawa. Kesho yake walikuja kama thelathini. Baada ya wiki tatu walikuwa wamefika kama mia tatu. Akachukua mtengenezaji wa dawa na daktari wa upasuaji mwenye uzoefu wa kumsaidia, na akajiwekea mpaka: ugonjwa mgumu asiouelewa hatauguza, atamwachia daktari ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Hakuuliza kama mgonjwa ni wa kundi lake au si wa kundi lake. Katika miezi mitano hivi watu zaidi ya 500 walipewa dawa, kwa gharama ya karibu pauni 40, na 71 kati yao wakapona kabisa magonjwa ambayo watu walishayakatia tamaa. Hao 71 ni wale waliomeza dawa yao kama walivyoelezwa. Wesley alilalamika kwamba watatu katika kila wanne hawafuati maagizo. Kumbe jambo hili halikuanza na sisi na vidonge vyetu vya presha!

Mwaka 1747 akatoa kitabu cha tiba cha bei nafuu, kiitwacho Primitive Physick, ili mtu wa kawaida ajisaidie nyumbani. Kilichapishwa tena na tena maisha yake yote. Kina mambo ya busara: maji safi, hewa, mazoezi, kulala mapema, kula kwa kiasi. Kina pia mambo ya kushangaza, kama vile kumkumbatisha mgonjwa wa tumbo mtoto wa mbwa aliye hai. Mwaka 1776 daktari mmoja wa London, William Hawes, aliandika kitabu kizima kumkosoa, na mahali pengi daktari alikuwa na haki. Lazima tuseme ukweli, upako haukumfanya Wesley ajue kila kitu.

Mwisho wa 1753 akawa yeye ndiye mgonjwa. Kikohozi na homa vilimshika hadi akajiandikia maneno ya kuwekwa kwenye kaburi lake. Watu waliomba, na yeye aliamini maombi hayo. Lakini Dakta John Fothergill alipomwambia aache kazi, aende mashambani apate hewa safi na mapumziko, alitii. Hakuona kwamba kutii daktari ni kukosa imani. Aliishi miaka mingine 37.

Na sasa huyo mama. Ni Mei 1759. Mama maskini alikuwa na maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Madaktari walimpa dawa, ikashindwa, wakampa nyingine, na nyingine. Wesley akakaa naye akamuuliza maswali. Ikatokea kwamba mtoto wake wa kiume amekufa, na huzuni ile inamla ndani kwa ndani. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu hakuna mtu aliyemuuliza. Wesley alikasirika. Aliona ni uzembe usio na udhamini kutibu tumbo la mtu huku hujui moyo wake umebeba nini. Dawa itafanya nini wakati kilio kinaendelea? Akataka madaktari wapime ni kwa kiasi gani mwili unaumizwa na moyo, na wakifika pasipo uwezo wao, wamwite mchungaji asaidie.

Ona hakumwambia mama yule atupe dawa. Wala hakumkemea kwamba hana imani, au kwamba ana pepo la tumbo. Alimuuliza. Mimi nimesimama kwenye mistari ya maombezi miaka mingi, na nakiri kwamba mara nyingi nimeweka mkono juu ya kichwa cha mtu kabla sijajua jina lake. Dakika moja, anasukumwa mbele, anakuja mwingine. Na daktari naye ana foleni yake, dakika tano, karatasi ya dawa, mwingine aingie. Mama mwenye mtoto kaburini anaweza kupita kwetu sote wawili na arudi nyumbani na tumbo lake.

Nyumbani kwake mwenyewe Wesley hakufaulu. Mwaka 1751 alioa mjane, Mary Vazeille, aliyemuuguza alipoteguka mguu kwenye barafu, na ndoa ile ikawa ya uchungu hadi wakatengana. Mama yule alipofariki mwaka 1781, mumewe alipata habari akiwa ameshazikwa. Mtu aliyejua kuuliza wageni wanaumwa na nini hakuweza kufanya hivyo mezani pake.

Alihubiri hadi uzeeni, na akafa London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Katika wosia wake alikataza gari la kubebea maiti na fahari zote za mazishi. Aliacha pauni sita zigawanywe kwa wanaume sita maskini, ambao ndio watambeba hadi kaburini.