Bwana Koelle na Watu Waliomhesabia

Wandugu wanafunzi, sisi hapa Lwiro tunahesabu kwa Mashi nyumbani, kwa Kiswahili sokoni, kwa Kifaransa darasani. Basi tuwaeleze juu ya Sigismund Koelle, Mjerumani aliyeuliza hesabu kwa luga zaidi ya 100 bila kuzunguka Afrika.

Alikuwa misionere wa Kiprotestanti. Mwaka 1847 alifika Freetown, Sierra Leone. Mji ule ulijaa watu waliouzwa utumwani, kisha Waingereza wakakamata merikebu zilizowabeba na kuwashusha pale. Koelle aliwaita mmoja mmoja. Aliandika jina, kwao ni wapi, alikamatwa namna gani. Halafu moja, mbili, tatu, na maneno mengine mengi. Kuna waliokuwa peke yao mjini, hakuna hata ndugu mmoja wa kusema naye luga yao. Miaka mingi imepita, na kumbe hesabu ya kwao ingali kichwani! Mmoja alitoa Kilunda, luga ya kusini ya inchi yetu.

Kitabu kilitoka London mwaka 1854, na majina yao yamo. Kwa hiyo tunamsifu kuliko kwa elimu yake. Baadaye alitumika miaka mingi Istanbul, akafa mwaka 1902.

Katika kitabu chake maneno yamepangwa bega kwa bega, undugu wa luga uonekane. Hata sisi tunaweza kujaribu. Nane, kwa Mashi ni munani: ndugu kabisa. Lakini sita, saba na tisa Kiswahili kilikopa kwa Waarabu. Mashi bado inasema ndarhu, nda, mwenda.