Kardinali Rugambwa na Tumaini la Ufufuko



Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 2000 hatukumwona Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa. Tuliokulia pembezoni mwa Dar es Salaam tunalijua jina lake kwa sababu ya hospitali ya Kanisa iliyopo Ukonga. Lakini maisha yake yanatusaidia kujibu swali tunaloulizwa misibani wakati wa likizo, Temeke na Kinondoni, turubai likiwa bado halijaondolewa: je, mnaamini kweli hayo mnayoyaimba kaburini?

Alizaliwa Kamachumu, Kagera, tarehe 12 Julai 1912. Alipokuwa na umri wa miaka minane alibatizwa pamoja na wazazi wake. Tusilipite jambo hili haraka. Kanisa linafundisha kwamba katika maji ya ubatizo tunazikwa pamoja na Kristo ili tufufuke pamoja naye. Kwa hiyo mtoto Laurean alianza kuingia katika kifo na uzima wa Bwana mapema, akiwa pamoja na baba na mama yake.

Alipadirishwa tarehe 12 Desemba 1943, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa heshima hiyo. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, akaliongoza jimbo hadi mwaka 1992.

Hospitali ya Ukonga ilianzishwa naye. Hapo tunajifunza kwamba kungojea ufufuko si kuwaacha wagonjwa wafe huku tukiwaahidi mbingu. Anayeamini kwamba mwili utafufuliwa huuhudumia ungali na homa na vidonda. Imani isiyofika wodini itakuwa na sauti dhaifu makaburini.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kama wengi wanaofia mjini, mwili wake ulirudishwa nyumbani. Kwanza alizikwa Kashozi, kwa kuwa Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa halijawa tayari. Oktoba 2012, karibu miaka 15 baadaye, mabaki yake yalihamishiwa katika Kanisa Kuu hilo.

Mtu anaweza kuuliza: mifupa ya nini tena? Katika falsafa tunasoma hoja za kutokufa kwa roho, nazo ni njema. Lakini Kanisa linakiri zaidi ya hapo: linakiri ufufuko wa mwili. Ndiyo maana jeneza hunyunyiziwa maji ya baraka na kufukiziwa ubani, na mshumaa wa Pasaka huwashwa kando yake. Maji yale yanatukumbusha ubatizo, na mwili ule unangoja.

Basi tukiulizwa tena msibani, tusikimbilie maneno mengi. Tulie na wanaolia, maana Yesu naye alilia kaburini kwa Lazaro. Tubaki nao hata baada ya matanga, tumwombee marehemu, tuwatembelee wagonjwa wa jumuiya zetu. Wafiwa wakituona hivyo, huenda wakaamini kwamba wimbo wetu wa kaburini tunaumaanisha.

Raha ya milele umpe, ee Bwana.