Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria: Mke wa Mtawala Aliyeuliza Chakula Kimetoka Wapi

Kila mwaka, tarehe 17 Novemba, Mama Kanisa anatualika kumkumbuka Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Wengi wetu tunamfahamu kutokana na picha zake: mwanamke kijana mwenye taji kichwani, ameshika mkate au amebeba maua ya waridi katika vazi lake, na maskini wapo miguuni pake. Picha hizo ni nzuri, lakini zaweza kutufanya tudhani kwamba utakatifu wake ulikuwa katika kugawa tu. Tukiyasoma maisha yake kwa makini, tunakuta kwamba alijifunza pia kuuliza chakula cha mezani pake kimetoka wapi, na ni nani aliyeumizwa ili kifike pale. Swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi, wapendwa taifa la Mungu, kwa kuwa linamgusa kila mtu aliyekabidhiwa madaraka, yawe makubwa au madogo.

Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea wa Pili wa Hungaria na Malkia Gertruda. Siku zile ndoa za wakuu zilikuwa mapatano ya kisiasa. Alipokuwa na umri wa miaka 4 alitengwa na wazazi wake, akapelekwa Thüringen katika nchi ya Ujerumani, ili alelewe katika nyumba ya mtawala wa huko na hatimaye aolewe na mwanawe. Hivyo, tangu utoto wake aliuonja upande mchungu wa madaraka: yeye mwenyewe alikuwa muhuri wa mapatano kati ya nyumba mbili za watawala. Mwaka 1213 mama yake aliuawa huko Hungaria kwa njama za wakuu waliomchukia. Mtoto huyu alijua mapema kwamba taji halimkingi mtu na kifo, wala halimpi amani ya moyo.

Katika jumba la Thüringen walimwona kuwa mtoto wa namna ya pekee. Alipenda sala, na alichokishinda katika michezo ya watoto alikigawia wasichana maskini. Inasimuliwa kwamba katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni aliingia kanisani pamoja na wanawake wa jumba lile, wote wakiwa wamejipamba. Alipoinua macho na kumwona Msulubiwa, alilivua taji lake, akaliweka chini, akaanguka kifudifudi. Sofia, mama wa mchumba wake, alimkemea kwa kuwatia aibu mbele za watu. Binti alijitetea kwa unyenyekevu: asingeweza kuvaa dhahabu mbele ya Bwana aliyevikwa miiba.

Mwaka 1221, akiwa na miaka 14, alifunga ndoa na Ludwig wa Nne, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kurithi utawala wa baba yake. Ndoa iliyopangwa na wanasiasa ilijaliwa kuwa pendo la kweli. Wawili hao waliitana kaka na dada, wakajaliwa watoto watatu. Elizabeti alipoamka usiku kusali, mara nyingine Ludwig alimshika mkono, akimsihi asijichoshe kupita kiasi. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kumpenda Mungu kwa moyo wote hupunguza mapendo ya nyumbani. Katika nyumba hii mapendo hayo mawili yalilishana.

Hapo ndipo tunafika kwenye lile swali la mezani. Mapato ya jumba la mtawala yalitoka katika njia mbalimbali. Mengine yalitoka katika mashamba yake ya halali. Mengine yalikuwa mali ambayo maofisa wake waliwatoza wanyonge kwa nguvu na bila haki. Mlezi wake wa kiroho, padre Konrad wa Marburg, alimwagiza asitumie kitu chochote cha nyumba ya mumewe ambacho dhamiri yake haikuwa na hakika nacho. Elizabeti alilishika agizo hilo kwa uaminifu wa kushangaza. Aliketi mezani pamoja na wageni wakuu, vyakula vya kila aina vikiwa mbele yake, naye aliwauliza watumishi kila kimoja kimetoka wapi. Kisichokuwa safi hakukigusa. Aliumegamega mkate na kukisogeza chakula huku na huku ili wageni wasitambue kwamba hali. Zilikuwapo siku alizoondoka na njaa katika meza iliyojaa. Na alipoambiwa kwamba chakula fulani kimetoka katika shamba la halali, alifurahi kama mtoto na kula pamoja na wasaidizi wake.

Wala hakuishia katika kujinyima. Alihakikisha pia kwamba waliodhulumiwa wanalipwa fidia. Hapa tunaona tofauti kati ya mtu anayetafuta tu utulivu wa dhamiri yake na mtu anayempenda jirani. Wa kwanza hukisukuma kando chakula cha dhuluma, kisha akaona kwamba amemaliza. Wa pili humtafuta yule aliyenyang'anywa na kumrudishia kilicho chake. Ludwig naye hakumzuia mkewe. Alikiri kwamba angependa kufanya vilevile kama asingeogopa maneno ya watu wa nyumba yake, akaahidi kwamba atayarekebisha mambo ya utawala wake. Tusimhukumu haraka: ni wangapi kati yetu wanaoijua haki vizuri, lakini wanaogopa maneno ya watu?

Mwaka 1226 njaa kali iliikumba nchi. Ludwig alikuwa Italia kwa shughuli za Kaisari Frederick wa Pili, na mzigo wa utawala ukabaki mabegani mwa mwanamke wa miaka 19. Alifungua maghala ya nafaka, akawagawia watu chakula kila siku kwa kadiri ya mahitaji yao. Chini ya ngome ya Wartburg, walikokuwa wakiishi, alianzisha hospitali yenye vitanda 28, naye aliteremka mwenyewe kuwalisha na kuwaosha wagonjwa ambao wengine hawakustahimili hata harufu yao. Wakati wa mavuno ulipokaribia, wale wenye nguvu ya kufanya kazi aliwapa mashati, viatu na mundu, ili wakavune na kula kwa jasho lao. Upendo wake ulikuwa na akili: hakutaka maskini wabaki kuwa ombaomba wake daima.

Ludwig aliporudi, maofisa wake walimpokea kwa mashtaka kwamba mkewe ametapanya mali ya utawala. Yeye aliwajibu kwamba wamwache atende mema na kumtolea Mungu anachotaka, mradi tu ngome zao za Wartburg na Neuenburg zibaki mikononi mwao. Hadithi ya mikate iliyogeuka kuwa maua ya waridi katika vazi la Elizabeti imesimuliwa na waamini kwa vizazi vingi, nayo ni pambo la kumbukumbu yake. Lakini maghala yaliyofunguliwa wakati wa njaa ni jambo lililoshuhudiwa na waliokuwapo.

Mwaka uliofuata Ludwig aliondoka kwenda katika Vita vya Msalaba. Hakufika mbali. Aliugua homa, akafariki huko Otranto, kusini mwa Italia, mnamo Septemba 1227. Elizabeti alikuwa na miaka 20, na mtoto wao wa tatu alizaliwa katika majuma hayohayo. Alipopata habari alilia kwamba kwake ulimwengu wote umekufa pamoja na mumewe. Utawala ulishikwa na Heinrich Raspe, ndugu wa marehemu, na mjane akanyimwa mamlaka juu ya mali ya mumewe. Wanahistoria wanajadiliana kama alifukuzwa ngomeni au aliondoka mwenyewe kwa sababu hakukubali kulishwa kwa mali ya dhuluma. Lililo wazi ni kwamba swali la mezani, ambalo mumewe alilivumilia kwa upendo, halikuwa tena na nafasi katika nyumba ile.

Usiku wa kwanza alijihifadhi katika kibanda cha nyumba ya wageni, mahali palipokuwa pamefugwa nguruwe. Usiku uleule, kengele ya sala ilipolia, alikwenda kwa Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko katika mji wa Eisenach, akawaomba waimbe Te Deum, utenzi wa shukrani, kwa sababu Mungu amemjalia kushiriki taabu za maskini. Baadhi ya wale aliowasaidia hawakumfungulia mlango. Inasimuliwa kwamba mwanamke mzee aliyewahi kutunzwa naye alikutana naye penye njia nyembamba yenye matope, akamsukuma akaanguka. Elizabeti aliinuka akicheka, akaenda kuzifua nguo zake. Ndugu wapendwa, hapo ndipo upendo usiojitafutia faida unapojulikana. Anayetoa ili ashukuriwe, siku asiposhukuriwa hukoma kutoa. Yeye hakukoma.

Mjomba wake, Eckbert, Askofu wa Bamberg, alimpokea na kutaka kumwoza tena kwa mkuu mwingine. Elizabeti alikataa. Mwaka 1228 mifupa ya Ludwig ilirudishwa, naye akasali mbele yake, akimshukuru Mungu kwa faraja hiyo na kukiri kwamba angependa kuwa naye kuliko furaha zote za dunia, lakini asingemrudisha kinyume cha mapenzi ya Mungu hata kama gharama yake ingekuwa unywele mmoja tu. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka huo, katika kikanisa cha Wafransisko, aliweka mikono yake juu ya altare iliyovuliwa vitambaa, akaukana utukufu wa dunia.

Baada ya mvutano mrefu alipewa marki 2000 kama haki yake ya ujane. Marki 500 alizigawa kwa maskini kwa siku moja. Katika mji wa Marburg alijenga hospitali, akaiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekuwa ametangazwa mtakatifu mwaka huohuo. Humo alivaa nguo ya kijivu, akaosha vidonda na kuwabeba wagonjwa kwa mikono yake. Alisokota sufu ili apate riziki yake. Mjumbe wa baba yake alipomkuta akisokota, alishangaa kuona binti wa mfalme katika hali ile, akamsihi arudi Hungaria. Alikataa kwa upole.

Ni lazima pia tuseme ukweli kuhusu Konrad, mlezi wake. Alimtendea kwa ukali usiofaa, akamwondolea wasaidizi wake wapendwa, Guda na Isentrud, na hata kuamuru apigwe. Sisi mapadre tusijifunze kwake kutumia mamlaka namna hiyo. Madaraka yanaweza kuumiza hata yakiwa mikononi mwa mtu wa Kanisa mwenye nia ya kumwongoza mwenzake mbinguni. Utakatifu wa Elizabeti ulitokana na neema ya Mungu na upendo wake, si fimbo ya mlezi wake.

Alifariki katika mwezi wa Novemba 1231, akiwa na miaka 24 tu. Baba Mtakatifu Gregori wa Tisa alimtangaza mtakatifu mwaka 1235. Mwaka uliofuata masalia yake yalihamishwa kwa heshima kuu huko Marburg, na Kaisari Frederick wa Pili, mtu mwenye nguvu kuliko watawala wote wa Ulaya wa wakati ule, alikuja na kutoa taji la dhahabu kwa heshima yake. Taji lile ambalo msichana alilivua mbele ya Msalaba, mtawala mkuu alilileta kwa yule aliyekufa kama mtumishi wa wagonjwa.

Sasa tujiulize, je, swali la Elizabeti linaulizwa katika nyumba zetu? Baba wa familia anapoleta fedha nyingi kuliko mshahara wake, mke na watoto hufurahi, na mara chache huuliza. Mtumishi wa umma anapochukua chochote kwa mjane anayefuatilia haki yake, kisha Jumapili akatoa bahasha nono ya sadaka, sisi tulio parokiani humpigia makofi, na mara chache huuliza. Tunapofanya harambee ya ujenzi wa kanisa tunamkaribisha mgeni rasmi mwenye mchango mkubwa, na hata sisi mapadre tunaona kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Utume wa Walei, unatufundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili tusije tukatoa kama zawadi ya mapendo kile ambacho tayari tulikuwa tunadaiwa kwa haki. Zakayo alilielewa jambo hilo siku moja tu alipokaa na Yesu: pamoja na kuwapa maskini, aliwarudishia aliowadhulumu.

Hatusemi kwamba siasa ni chafu, au kwamba Mkristo ayakimbie madaraka. Elizabeti hakuyakimbia alipokuwa nayo. Aliyatumia kufungua maghala, na alipoondolewa aliyaacha bila chuki, kwa sababu hakuwa ameuweka moyo wake humo. Tumwombe basi atuombee sisi sote, na kwa namna ya pekee wale wanaotutawala, wanaogawa ardhi, wanaotoza kodi, wanaotunza fedha za vikundi na za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Na jioni ya leo, tutakapoketi mezani na kufanya ishara ya msalaba juu ya chakula chetu, tuthubutu kujiuliza kimetoka wapi. Kama kuna wa kurudishiwa, tusingoje kesho.

Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, utuombee.