Lucy Wills, daktari aliyewapa wajawazito foliki

Mjamzito anayehudhuria kliniki Busia, upande wa Kenya au wa Uganda, hurudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma na foliki. Foliki hiyo ilianzia Bombay, India, kwa daktari Mwingereza, Lucy Wills.

Alizaliwa mwaka 1888, akasoma Cambridge na kuhitimu udaktari London mwaka 1920. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiua wajawazito, wakiwemo vibarua wa viwanda vya nguo. Hakuishia kwenye vipimo vya damu, alitaka kujua wanakula nini, akakuta chakula chao ni duni. Akawapa kima chakula kama hicho, nao wakaugua. Kima mmoja aliyekuwa hoi alipolishwa Marmite, rojo la bei nafuu litokanalo na hamira ya viwanda vya bia, akapata nafuu. Wajawazito waliopewa rojo hilo wakapona pia. Wills alichapisha matokeo hayo mwaka 1931, kiini chenyewe kikiwa bado hakijulikani. Jina la foliki lilikuja mwaka 1941, baada ya wanasayansi kuitoa kwenye spinachi.

Aliporudi London, madaktari wenzake walifika hospitalini kwa magari na yeye kwa baiskeli. Busia, walikoanzia boda boda wa baiskeli, hilo lisingemshangaza mtu. Alifariki mwaka 1964.

Busia na Tororo kuna jambo ambalo Bombay halikuwa kubwa hivyo: malaria, nayo huharibu damu ya mama na kumdhoofisha mtoto tumboni. Ndiyo maana kliniki hutoa SP kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita, angalau mara tatu, kila dozi mwezi mmoja au zaidi baada ya nyingine. Utafiti wa Tororo uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha dawa ya DP inazuia malaria vizuri kuliko SP, lakini SP ndiyo inayotolewa.

SP huua vimelea kwa kuvizuia kutengeneza foliki. Kwa hiyo foliki nyingi mno huvifaa vimelea pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 0.4 kwa siku, na linakataza kutumia miligramu 5 au zaidi pamoja na SP. Vidonge vya miligramu 5 vinauzwa madukani, na vinafanana na vingine. Mama anayefuata soko ng'ambo asome namba kwenye pakiti, na asiache kadi ya kliniki nyumbani.