Tshibumba, mchoraji wa yale hakuyaona

Wakubwa wetu wengi wa Lomami walichukuliwa zamani kwenda kazi ya Union Minière. Ndiyo sababu siye watu wa sendika, huku Sanga, tunamukumbuka Tshibumba Kanda-Matulu.

Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1947, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Alitafuta chakula na burashi: sanamu ndogo juu ya kitambaa cha gunia ya unga, za kutundika nyumbani. Watu walinunua zile wanazozijua: mamba muntu, Lumumba, mfungwa anapigwa fimbo mbele ya mzungu. Mchoraji anarudilia ile ile, mkono unazoea, watoto wanakula.

Lakini yeye alijiona mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya Zaïre, sanamu zaidi ya 100, akazipeleka kwa Johannes Fabian, profesa ku universite ya Lubumbashi. Mengi ndani yake hakuna mnunuzi aliyekuwa anayauliza.

Kati yao kuko mauaji ya Union Minière. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma, wakaomba mshahara uongezwe. Wakapigwa risasi kwenye kiwanja cha mpira, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akafa pale. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Alishika yale aliyosikia, akachora. Kwetu siye, ile moja inapita mamba muntu zote.

Toka mwanzo wa miaka ya 1980 habari yake ilikatika, tunamuhesabu na marehemu. Sanamu zake ziko Amsterdam, ku makumbusho iliyokuwa inaitwa zamani Tropenmuseum. Kutoka Sanga, ni mbali sana.